Praima ya Lori la Eliamini

Weka kwanza hiyo brashi chini, mwanangu. Nimesema weka! Naona umekata bati jipya, umelikunja vizuri likawa kibasi, na sasa unataka kulimwagia praima nyekundu, rangi ya kwanza ya chini, hivyo hivyo, likiwa linang'aa. Njoo ukae hapa. Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikitaka kuisahau, na leo mkono wako umenirudisha huko.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, natengeneza mifano ya magari hapa hapa Same pamoja na baba yangu, Mzee Mbonea. Ile miaka ya foleni, bidhaa zilipokuwa adimu, bati la dukani tulilisikia tu. Malori yetu madogo tuliyatoa kwenye makopo ya mafuta ya kula. Baba alikuwa na taratibu zake. Kopo linapasuliwa, linasuguliwa kwa msasa mpaka mng'ao ufe, linafutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, na tangu hapo ole wako ulishike kwa vidole vilivyotoka kula. Ndipo inakuja praima, nyembamba, mara mbili. "Praima ni shati la ndani, si koti," alikuwa akisema. Ukiipaka nene unazika ribiti zinazoshikilia mabati, unazika bawaba za milango, lori linabaki kama mche wa sabuni.

Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Weee! Mabati mapya yakaja, yanang'aa mpaka unajiona meno. Baba alinunua moja, akaliegemeza nje ukutani, akaliacha. Nilipomuuliza akanijibu, "Hilo bado bichi. Linyeshewe masika nzima kwanza, lichujuke. Bati jipya halishiki rangi." Na mvua ya Same unaijua, ni ya kuomba. Nikacheka moyoni. Nikasema huyu mzee amezoea dhiki, hata neema ikija anaishuku.

Mwaka huo akafa Eliamini, dereva wa lori lililokuwa likishusha ndizi na maharage kutoka Vudee. Lilikatika breki kwenye kona za mlimani, likapinduka na kuungua. Picha yake pekee ilikuwa kwenye leseni, nayo iliungua mfukoni mwake. Mama yake, mjane, akateremka mpaka kwetu. Baba hakuwapo, alikuwa Gonja hospitalini akitibiwa macho.

"Mwanangu, sina hata picha," akaniambia. "Nitengenezee lori lake. Lilikuwa la bluu. Mlangoni uandike jina lake. Jumamosi ndugu wanakutana kumaliza msiba, nataka wamwone yupo mezani."

Makopo yalikuwapo, tena yameshasuguliwa. Lakini niliona aibu. Mtu amefiwa na mwanawe wa pekee, nimpe lori la kopo la mafuta? Nikalikata bati la baba. Ilikuwa huruma, mwanangu, sikatai, ila huruma yenye majivuno ndani yake. Sikulisugua, sikuliosha. Nikalipaka praima juani saa sita mchana, mkono mmoja mzito, yaani tabaka moja nene, ikakauka juu huku chini bado mbichi. Kesho yake nikapaka bluu, keshokutwa nikaandika jina kwa rangi nyeupe. Lilipendeza, walahi. Mama Eliamini alipolipokea alilikumbatia akalia, nami nikalia.

Baada ya miezi mitatu akarudi. Lori alikuwa ameliviringisha kwenye kitenge, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Akaifungua mezani. Ndani yake mlikuwa na vipande vya rangi, vya bluu, vyeupe, amevikusanya kimoja kimoja. Alikuwa na desturi, kumbe, kila asubuhi kupapasa mlango wa lile lori na kumsalimia mwanawe. Jina lote lilikuwa limebanduka isipokuwa herufi mbili, na chini yake bati linang'aa kama siku lilipotoka dukani.

"Labda nimemshika kupita kiasi," akasema. "Mikono yangu ni ya jembe, ni migumu. Nisamehe, nimeharibu kazi yako."

Nilijua kosa ni la nani. Nililijua pale pale nilipoona ule mng'ao. Neno moja tu lilitakiwa. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Ndiyo, mama. Usiwe unalishika sana." Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema, akaitikia kwa kichwa, akaniachia lori nilitengeneze, akaenda zake.

Baba, aliyekuwa ameshatoka hospitalini, aliporudi kutoka sokoni jioni hiyo alipitisha ukucha kwenye boneti, rangi ikanyanyuka kipande kizima. Hakuuliza habari za bati lake. Aliuliza, "Umemwambia nini huyo mama?" Nikamweleza. Akanitazama kwa macho yake yale mabovu.

"Praima nitakufundisha tena," akasema. "Lakini wewe umemfanya mama wa watu aamini mkono wake ndio uliomfuta mwanawe. Hilo utalipeleka Vudee mwenyewe."

Tukaibandua rangi yote. Tukaliosha bati kwa siki mpaka likafifia, tukalisuuza, tukalianika, tukalipitisha msasa laini. Praima tukaipaka nyembamba kivulini, ikakaa siku mbili kabla ya mkono wa pili. Kisha nikapaka bluu, nikaandika jina upya, nikapanda nalo Vudee. Nilipiga magoti nikamweleza yote, sikuacha kitu. Mficha uchi hazai.

"Nimekusikia, na nimekusamehe," akasema. Mkono wake ukaenda mpaka mlangoni pa lile lori, ukasimama, ukarudi mapajani. "Mkono umeshazoea kuogopa," akasema, akajaribu kucheka. Akaliweka ndani ya kabati, nyuma ya kioo.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Siku ya maziko yake niliingia ndani nikaliona lori pale pale. Rangi nzima, jina zima, hata alama ya ukucha hakuna. Shemeji yake mmoja akanisifu, "Mama, kazi yako imara kweli!" Nikatoka nje nikalia kuliko wafiwa wenyewe.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kopo la zamani lataka msasa na kufutwa mafuta. Bati jipya lataka mvua ya msimu au siki, na subira zaidi ya hiyo. Usipake nene, usipake juani, usipake kabla ya mkono wa kwanza kukauka. Hayo ukikosea, utabandua na kuanza upya, wala hakuna atakayekufa. Lakini kosa lako usilitwike mkono wa mtu mwingine, hata kwa neno moja, hata kwa kunyamaza. Rangi niliirudisha. Ule mkono sikuweza kuurudisha, na mpaka leo inaniuma.

Haya, siki iko jikoni, nenda kaichukue. Mola akujalie mkono mwepesi na ulimi usioogopa kusema "ni mimi." Na wale utakaowatengenezea wavishike vitu vyako bila woga, mpaka vichakae mikononi mwao.