Prosesa ya Kabatini

Shangazi yangu hufanyia kazi ndani ya kabati la nguo. Ni kabati la milango miwili, limesimama chumbani kwake mbali na dirisha la barabarani. Upande mmoja ametoa rafu zote, akaweka kigoda na ubao wa kuegeshea kompyuta. Upande wa pili ameyaacha makoti, mablanketi na magauni mazito yaning'inie, kwa kuwa nguo hunywa mwangwi. Akishafunga mlango hawezi kunyoosha miguu. Humo ndimo anamosomea vitabu kwa sauti, kwa ajili ya maktaba ya wasioona.

Kabla ya hapo alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Sauti yake spikani ndiyo iliyowaambia wasafiri basi lipi linaingia, na ni mtoto yupi aliyepotea anayemsubiri mama yake ofisini. Watu walimjua kwa sikio bila kumjua kwa sura. Siku moja alipomwomba muuza maji chenji, yule muuzaji aligeuka kwa mshtuko: "Kumbe wewe ndiye Mama Spika!" Jina likaganda. Kisha uongozi ukanunua programu inayosoma ratiba yenyewe, naye akaagwa kwa maneno mazuri na saa ya ukutani. Saa hiyo haijawahi kutiwa betri, maana ina mlio.

Maktabani, kila anachosoma hupitia kwanza kwa mhakiki mmoja asiyeona ambaye wote humwita Masikio. Nilikuwa kwa shangazi siku Masikio alipopiga simu.

"Mama Spika, nikuulize bila kukuudhi. Nani anakaanga nyuma yako?"

"Anakaanga nini?"

"Sijui. Nasikia mafuta yanachemka tangu sura ya kwanza. Wanafunzi watasoma biolojia huku mate yanawatoka."

Shangazi alicheka, lakini Masikio hakucheka naye.

"Dada, wakubwa wameleta sauti ya kompyuta. Haichoki wala haikohoi. Sura ijayo ikija na kelele tena, kitabu wataipa mashine, na vinavyofuata vivyo hivyo. Mimi sipendi, ila sina la kuwajibu."

"Hiyo mashine inasomaje michoro?"

"Inasema 'mchoro.' Halafu inaendelea zake."

Alipokata simu, shangazi alikaa akiitazama ile saa isiyotembea. "Mara ya pili hii," alisema.

Mkaangaji alikuwa feni ya kompyuta yake ya zamani. Nimesomea ufundi wa kompyuta chuoni, kwa hiyo niliifungua, nikatoa vumbi na kupaka dawa mpya ya kupoza juu ya prosesa. Haikusaidia. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kadiri inavyokula umeme ndivyo inavyochemka, na feni hulazimika kuipepea. Ile ilikuwa ya kizazi cha zamani, mlafi hata kwa kazi ndogo. Tulijaribu pia programu ya kufuta kelele. Kelele ilipungua, lakini shangazi akasikika kama mtu anayezungumza akiwa ameinamia mtungi.

Kompyuta haikuweza kubaki nje ya kabati. Kurasa huzisoma kwenye kioo chake, kwa sababu karatasi huchakarisha, na akikosea neno hurudi nyuma palepale na kulisoma upya. Chaja nayo ikichomekwa huingiza mvumo katika maikrofoni, hivyo husoma kwa betri peke yake. Ilibidi tununue kompyuta nyingine, na ilibidi iwe sahihi.

Muuzaji wa kompyuta tuliyemwendea anaitwa Wakili, kwa sababu hutetea kila bidhaa kana kwamba imeshtakiwa. Alituwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na prosesa yenye viini, yaani vitengo vya hesabu, kumi na vinne, iliyotengenezwa kula wati arobaini na tano. Ya pili ilikuwa na viini vinane na ilikula wati kumi na tano.

"Hii ndiyo chuma," alisema, akiipigapiga ya kwanza mgongoni. "Video, michezo, ramani za majengo, inameza vyote. Hiyo nyingine ni ya kuandikia barua."

"Mimi nasoma tu, mwanangu."

"Leo unasoma, mama. Kesho je? Nguvu haiozi."

Shangazi akanigeukia. "Haya, fundi wa familia, sema. Maana mtoto huyu wa kaka yangu, ukimwuliza jina lake, anatazama kwanza kitambulisho."

Nilieleza ninachokijua. Kazi ya shangazi ina sehemu mbili. Kusoma na kurekodi kunahitaji nguvu kidogo. Kuunganisha kurasa na kuzibana ziwe faili moja ya kutuma kunahitaji nguvu nyingi, na hapo ile ya kwanza ingeiacha ya pili mbali sana. Lakini vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi vilipimwa mezani, penye hewa. Havikusema lolote kuhusu kabati.

"Naomba tuzisikilize mahali palipofungwa," nilisema.

"Dada, mchagua jembe si mkulima!" Wakili aliniambia.

"Mkulima wa kabatini lazima achague," shangazi alijibu. "Mpini mrefu hauingii."

Jirani wa Wakili ni mama muuza nguo, na duka lake lina kichumba cha kujaribia, chenye mlango na makoti yaliyotundikwa ukutani. Shangazi aliomba tukitumie.

"Mnajaribu nini humo?" aliuliza yule mama.

"Kompyuta."

"Sawa. Ila ikiwabana, msinirudishie mlango ukiwa umepasuka."

Tulijibana humo, shangazi kwenye kiti, mimi nikiwa nimechuchumaa na vifaa vya masikioni vilivyounganishwa na maikrofoni yake. Tulianza na ile yenye nguvu. Hatukuwa na kitabu, kwa hiyo shangazi alisoma karatasi ya dhamana kwa sauti ileile ya stendi: "Dhamana hii haitahusu kifaa kilichomwagikiwa na kimiminika chochote…" Nje, wateja walinyamaza. Mmoja akauliza, "Samahani, basi lipi linaingia?"

Mwanzoni kompyuta ilikuwa kimya, nami nikaanza kuipenda. Kisha hewa ya kichumba ikapata joto, na feni ikaanza kwa chini, ikapanda. Niliiwekea mpangilio wa kubana matumizi. Ikatulia, ikaanza tena, ikatulia. Hali hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sikio huweza kuuzoea mvumo usiokatika, lakini unaokatika na kurudi hulishtua kila mara. Betri nayo ilikuwa inashuka haraka kuliko nilivyotaka.

Tulipobadilisha, nilidhani vifaa vya masikioni vimechomoka. Nilisikia bangili ya shangazi ikigusa kiti. Nilisikia mkasi wa mama muuza nguo upande wa pili wa mlango, na pumzi ya shangazi kabla ya kila sentensi. Tulikaa hadi dhamana ikaisha, akaianza upya, na feni haikuthubutu. Ndipo nikaipa kazi ya kuunganisha. Ilijikokota, na feni ikanong'ona.

"Kwa hiyo isiunganishe nikiwa ndani," alisema shangazi.

"Ndiyo. Utasoma kwanza, kisha uitoe mezani, uchomeke chaja, uiache ifanye taratibu."

Wakili alishika kiuno. "Yaani mnaacha farasi, mnachukua punda?"

"Tuliambiwa debe tupu ndilo linalovuma," shangazi akamjibu. "Hili lako limejaa pomoni na bado linavuma."

Hata muuza nguo alicheka. Lakini mlangoni, boksi likiwa kwapani, shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na wakubwa wa maktaba wakiikataa hii pia?"

Nilimwambia kwamba sijui watakachosema; najua nilichosikia.

Sura iliyokuwa inasubiri ilihusu umeng'enyaji wa chakula. Aliirekodi kuanzia asubuhi, bila kutoka. Alipofika kwenye mchoro wa tumbo hakusema "mchoro" na kuendelea zake. Alisema: "Fikiria soksi ya mtoto iliyotiwa mchanga, ikaning'inizwa kwa kidole. Mdomo wa soksi uko juu. Hapo ndipo chakula kinapoingilia." Kisha tuliitoa kompyuta mezani ikaanza kuunganisha. Shangazi aliosha vyombo, akapiga pasi nguo zote, akampokea jirani na kumsindikiza, na bado ilikuwa inaunganisha. Hakulalamika. Tukatuma.

Masikio alipopiga simu, shangazi aliiweka mezani katikati yetu.

"Mafuta hayachemki tena," alisema Masikio.

"Afadhali."

"Ila pale kwenye mchoro wa tumbo pana mngurumo."

Shangazi alinitazama, nami nikaitazama kompyuta. Nilianza kuifungua feni kichwani, kipande kwa kipande.

"Mngurumo gani?" aliuliza shangazi, na sauti yake haikuwa ya stendi.

"Wakubwa waliposikia wakasema, hiyo ni feni, mashine ipewe kitabu. Nikawaambia rudisheni nyuma, sikilizeni vizuri. Feni gani inayolia, inanyamaza, halafu inamalizia kwa swali? Hilo ni tumbo la msomaji. Dada, siku ile ulikula?"

"Nilikunywa chai."

"Chai! Wamecheka hadi wakasahau mashine yao. Rudia ukurasa huo ukiwa umeshiba. Sura inayofuata wataileta kesho."

"Na kitabu?"

"Chako. Nani mwingine atawaeleza watoto kuhusu soksi?"

Shangazi alikwenda jikoni, akapakua sahani iliyojaa, akala yote. Kisha akaingia kabatini, akajikunja kwenye kigoda, akaweka kompyuta juu ya ubao.

"Funga, fundi."

Nilichomoa chaja, nikafunga mlango.