Mwenzake wa Kuhesabu Ndege

Kama kuna mtu aliyewachukia ndege katika mtaa ule, basi ni Fundi, mshona nguo. Si kwamba walimharibia kitu. Ndege wa watu, wanaishi zao kwenye mabwawa ya zamani ya idara ya maji, nyuma ya gereji ya mabasi, pale manispaa ilipozungusha uzio ikatundika kibao kwamba sasa ni hifadhi. Fundi aliwachukia kwa sababu walimchukua mumewe kila Jumanne na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa ameoga, amechana ndevu, amejipaka mafuta mpaka shingoni. Jamani, mtu anajipaka mafuta shingoni kwa ajili ya bata?

Mume mwenyewe, Baba Pacha, alikuwa msoma mita wa idara hiyohiyo ya maji. Alipostaafu, mwezi wa kwanza alilala, wa pili akamfundisha mkewe namna ya kushona, na wa tatu Fundi akamwambia atafute kazi ya kufanya kabla hajapigwa kwa mkasi. Ndipo akajiunga na watu wanaojitolea kuhesabu ndege. Kwa hiyo, ukitafuta aliyemsukuma, ni yeye Fundi, na hilo lilimuuma zaidi.

Kule hifadhini wana utaratibu wao. Kwenye kila kibanda cha kuchungulia wanakaa wawili. Mmoja anashika darubini na kutaja, mwingine anaandika kwenye fomu. Bila wawili, hesabu haipokelewi ofisini. Na mwandishi wa Baba Pacha alikuwa nani? Mkunga. Mjane, amestaafu hospitali, mrefu, meno yote yapo. Mwaka na nusu wamekaa bega kwa bega kwenye kibanda cha mbao chenye giza, wakinong'onezana.

"Leo tumeona fisimaji," Baba Pacha alikuwa akisema mezani. "Tumemwona mdiria akitoka na samaki."

Tumeona, tumemwona! Fundi alikuwa anakata mkate, na kisu kikazidi kasi.

"Jumamosi nitakusindikiza," alimwambia jioni moja.

"Wewe? Ukafanye nini?"

"Nikaone ndege. Au ndege ni wa baba yako?"

Baba Pacha alicheka. "Mama Pacha, kule watu wananong'ona. Kwa sauti hiyo yako ya kugombana na wateja, bwawa zima litahama. Halafu kiti cha pili kina mtu."

Kina mtu! Fundi aliondoka mezani, akaenda kushona zipu ya suruali, akaishona upande usio wake. Miaka thelathini na moja ya ndoa, halafu uambiwe kiti kina mtu.

Akaamua kupigana kwa silaha anazozijua. Akajishonea gauni, mikono mipana, kiuno kimebana pale kinapostahili kubanwa. Ijumaa jioni akalivaa, akapita mbele ya mumewe kwenda jikoni. Akarudi. Akapita tena kana kwamba kuna kitu kasahau. Mara ya nne Baba Pacha akainua uso, akamtazama moja kwa moja, akasema, "Nipe chumvi, ukipita."

Chumvi! Mbele yake ilikuwapo, karibu na kiwiko.

Na kama hiyo haikutosha, wiki hiyohiyo alikutana na Mkunga kwenye duka la vifungo. "Wifi!" Mkunga akamkumbatia. "Mzee wako hajui kukosea ndege, yaani hata mmoja." Fundi alitabasamu kwa meno tu. Wifi yako nani? Mumewe hana dada mwenye kiuno kile.

Usiku ule wa Ijumaa hakulala vizuri. Alichotaka alikijua na hakuona haya nacho. Alitaka kile kiti. Kama mumewe ana maneno matamu ya kunong'ona, basi ayasikie kwa masikio yake mwenyewe, ajue moja, ama avunje ndoa ama avunje darubini.

Jumamosi alijifanya amelala mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akakodi pikipiki, akazunguka njia ya gereji, akafika kabla yake. Kwenye misumari ya getini vimetundikwa vizibao vya kijani vya wahesabu ndege. Akachukua kimoja, akakivaa, akajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi. Kwa masimulizi ya mezani alishajua kibanda chao, na kwamba Mkunga huanzia ofisini kuchukua fomu. Akaingia kibandani, akakaa kwenye kiti cha pili. Kilikuwa kigumu, kimeegemea ukuta, na mbele yake upenyo mrefu wa kutazamia maji. Kajikunja gizani, wewe! Kama mwizi.

Baba Pacha aliingia polepole, mkono mmoja ukifuata mbao za ukuta. Akageuka, akamtazama mkewe usoni, hatua moja tu kati yao.

Fundi akajiandaa kupiga kelele.

"Umewahi leo, Mkunga," Baba Pacha akasema, akakaa. Darubini akaiweka mapajani mwa Fundi. "Haya, niambie. Kuna nani majini?"

Fundi akaidaka isianguke. Hakuelewa.

"Au tusubiri kupambazuke? Kwangu mimi ni yaleyale." Akapangusa magoti. "Yule wa nyumbani kaninunia. Jana kapita mbele yangu mara nne. Nguo mpya, niliisikia inavyochakarika. Nikataka kumsifia, nikaogopa. Nitasema nyekundu, kumbe kijani, na siri yote imwagike. Nikaomba chumvi."

Ebo! Fundi alikuwa amekuja na ugomvi umejaa kifuani, na sasa hakuwa na pa kuuweka. Mtu anayeona nyuzi mbili zilizopishana kwenye pindo la suruali, ameishi na mume asiyeona, na hakujua. Machozi yakamtoka, na bado wivu haukumwacha, ulikuwa umepata sababu nyingine. Siri ile kapewa mwanamke mwingine.

"Ilikuwa ya zambarau," akasema.

Baba Pacha akakauka kwenye kiti. Kule gereji basi likawashwa.

"Mama Pacha?"

"Nani mwingine? Tangu lini?"

"Yalianza kabla sijastaafu. Presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, daktari amesema. Nimebakiwa na ukungu, na kivuli hapa pembeni."

"Nani alikupeleka kwa daktari?"

Aliyempeleka alikuwa amesimama mlangoni na fomu mkononi.

"Alinikataza, wifi," Mkunga akasema. "Kila wiki nilimwambia, mwambie mkeo."

"Usiniite wifi." Fundi akamgeukia mumewe. "Umemwambia yeye, ukaniacha mimi. Kwa nini?"

"Yeye ameshika wagonjwa maisha yake yote, mmoja zaidi si kitu. Wewe ungeacha kunigombeza. Ungenishika mkono kuvuka barabara, ungenikatia mkate vipande vidogo. Nilitaka angalau kwako nibaki mume."

"Mjinga wewe," Fundi akasema, analia waziwazi sasa. "Mjinga kabisa. Nani kakwambia nitaacha kukugombeza?"

Mkunga akasogea, akanyoosha mkono aipokee darubini, kama walivyozoea. Fundi akaikumbatia.

"Wewe andika," akamwambia. "Simama hapohapo mlangoni uandike."

Akaielekeza majini. Kwanza aliona kope zake mwenyewe, kisha tope, kisha kitu juu ya nguzo. "Kuna mmoja mweusi. Shingo ndefu, kapanua mabawa kama koti lililoanikwa."

"Mnandi," Baba Pacha akasema papo hapo.

"Mwingine yuko kwenye majani. Mweupe wote, mdomo wa njano, miguu imevaa soksi nyeusi."

"Yangeyange. Mmoja?"

"Wawili. Huyo wa pili kajificha nyuma." Sauti ilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyeruka. Kalamu ya Mkunga ikakwaruza kwenye karatasi.

Baba Pacha akamsogelea mkewe mpaka mabega yakagusana.

"Na wewe siku hizi unafananaje?" akauliza.

Hilo Fundi hakulitegemea. Alitumia wiki nzima akitaka kutazamwa, na sasa ilimbidi ajitaje mwenyewe, kama alivyowataja wale wa majini. "Mvi zimeshika upande wa kushoto," akasema polepole. "Kidevu kimeongezeka kingine. Hapa machoni mikunjo. Nikicheka bado lile pengo linaonekana."

"Lile la kulia?"

"Lilelile."

Baba Pacha akafumba macho asikie vizuri, akitabasamu. Kalamu kule mlangoni ilikuwa bado inakwaruza. Fundi akageuza shingo.

"Hilo," akamwambia Mkunga, "usiliandike."