Mama Angélique Kisimba, Mtunza Maneno ya Ibada

Alizaliwa Kalemie nchini Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 2 Oktoba 1957, sikukuu ya Malaika Walinzi, na kwa sababu hiyo baba yake, katekista wa misioni, alimpa jina Angélique. Kabla hajajua kusoma alikwisha jua kuitikia Misa nzima kwa Kilatini, na kila jioni alimchosha baba kwa swali lilelile: "Baba, neno hili maana yake nini?" Swali hilo ndilo lililokuwa wito wake. Alisomea liturujia, yaani elimu ya ibada za Kanisa, mjini Lubumbashi, mwanamke pekee katika darasa la mafratera, vijana wanaosomea upadre, kisha akafundisha makatekista miaka kumi na minne. Kila neno la ibada alilipa kadi yake: lilivyo kwa Kigiriki au Kilatini, lilivyo kwa Kifaransa, na chini nafasi tupu iliyongoja Kiswahili. Tusimpambe kupita kiasi: alikuwa mkali. Aliyeita kalisi, chombo cha divai ya Misa, kikombe tu alisahihishwa palepale mbele za watu.

Vita vya mwaka 1998 vilimkuta mjane. Alipitia Zambia akafika Johannesburg na cherehani moja na sanduku la kadi. Alipanga chumba cha ushonaji Malvern, katika Jules Street, akashona kanzu za mapadre na sare za shule. Jirani yake alikuwa Mwatumu, Mwislamu wa Tanga, muuza vitenge. Walipikiana, wakasimuliana habari za kwao, huyu dagaa wa ziwani, yule samaki wa pwani, hadi chai ikapoa. Mwezi Mei 2008 umati wenye hasira dhidi ya wageni uliingia mtaani. Mwatumu alimvuta Angélique kwa mlango wa nyuma. Cherehani na kadi zote ziliteketea. Majuma matatu alikaa Hillbrow, katika fleti ya ndugu wa Mwatumu, asiweze kusali.

"Mungu amechoka na maneno yangu," alisema.

"Dada yangu, yalikuwa yako?" Mwatumu akamjibu. "Uliyatoa kwa watu. Warudie watu."

Wakati huohuo Misa ya Kiswahili kule La Rochelle, mtaa mwingine wa Johannesburg, ilikuwa ikivunjika. Waumini wa Kongo waliitikia kwa namna yao, wa Tanzania kwa namna yao, kila upande ukipaza sauti kuufunika mwingine, na paroko alikwisha kuonya kwamba wasipopatana kabla ya Kwaresima Misa hiyo itageuzwa ya Kiingereza. Katika kikao cha mwisho André, kiongozi wa kwaya, mtu wa Uvira kule Kongo, aligonga meza: "Kwetu hatusemagi vile!" Lambert Komba, msomaji kutoka Songea, akamwambia hicho si Kiswahili. Ndipo Angélique aliposimama kusema mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu moto.

"André, nani alikufundisha kuitikia?"

"Nyanya yangu, Mama."

"Na wewe, Lambert?"

"Mama yangu. Alikuwa akiitikia huku ananifunga vifungo vya shati."

"Basi niambieni, kati ya hao wawili tumnyamazishe yupi?"

André alikuwa akifuta macho. Angélique akawaeleza kwamba wataalamu wa ibada wana neno la Kigiriki, anamnesi, nasi tunasema ukumbusho. "Si kuwaza yaliyopita," alisema. "Ni kusimama ndani yake leo, na wote waliotutangulia." Wakakubaliana kupokezana namna za kuitikia mwezi kwa mwezi, na Misa haikufutwa.

Kuanzia hapo alizunguka na daftari. Aliwafuata walinzi malangoni na wasusi saluni, akaandika kila mmoja alivyosikia kwao sala kuu ya Misa, dibaji, yaani wimbo wa kuifungua sala hiyo, na baraka, pamoja na jina la aliyemfundisha. Zile kadi aliendelea kuzililia, lakini nafasi ya Kiswahili haikubaki tupu tena. Mzee Gaston wa Kalemie alikuwa amepooza na kupoteza usemi mwaka mzima. Angélique alimkalia karibu, akaanza dibaji ya Pasaka kwa lahaja ya ziwani, akakwama kwa makusudi. Mzee akaimalizia kwa kuimba. Madaktari wana maelezo yao. Sisi tuliokuwepo tulipiga magoti.

Alifariki Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 12 Aprili 2022, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa ameshika mkono wa Mwatumu. Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nasi hatulitangulii. Madaftari yake kumi na moja yako sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, na vijana waliozaliwa hapa, wanaojibu wazazi wao kwa Kizulu, huja kutafuta humo majina ya bibi zao. Nawe unayesoma, kama unataka kumfuata, usianze na mambo makubwa. Mpigie simu mama yako, umwombe akusalie kama alivyofundishwa, nawe usimsahihishe.