Fulana ya Yared Imevaliwa na Mtu Mwingine

Kabla hujanitukana kwenye komenti, soma mpaka mwisho.

Kuna fulana moja pale Mikumi. Kifuani ina upinde wa mvua, ubavuni ina alama ya kuungua na pasi. Jana nimeiona tena, kwenye picha.

Twende taratibu.

Yared, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa mpishi kwenye loji moja ya wazungu. Kila Juni, mwezi wa mashoga huko Ulaya, loji hiyo inajipaka rangi mtandaoni: mashoga karibuni, sisi ni familia moja. Ulaya wanaona, vyumba vinajaa.

Mimi nawajua. Ndio haohao waliogawa kanga Siku ya Wanawake, halafu Filomena wa usafi alipopata mimba wakamtoa. Nyie mnasahau haraka. Mimi sisahau.

Nikamwambia Yared, "Dogo, hao wanauza vyumba."

"Kaka, nimemwambia meneja ukweli wangu wote. Kanishika bega, kasema ndani ya geti hili uko nyumbani."

Wakampa ile fulana ya upinde wampige picha. Akaipiga pasi ya mkaa kwa furaha mpaka ikaungua.

"Picha ni ya Ulaya tu, huku haifiki," meneja alimwambia.

Wiki haikuisha, picha ikafika kwetu Kilosa. Magrupu yote ya WhatsApp.

Mchana kweupe, wanaume wakaja na fimbo kwa mama mdogo. "Mtoe huyo shoga wako!"

Yared akaruka ukuta wa nyuma. Nikawasha pikipiki, nikampakia, mbio mpaka Mikumi. Tulipokaribia loji akaitoa fulana kwenye begi, akaivaa.

"Wakiiona watafungua."

Getini alikuwepo mlinzi, mzee Ngolo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanangu, nimeambiwa nisifungue."

"Mwambie meneja ni mimi, Yared!"

Mzee akaongea kwenye redio. Akasikiliza. Akaangalia chini.

"Anasema hakujui." Akanyoosha mkono. "Halafu anasema rudisha fulana. Ni mali ya kampuni."

Yared akacheka. Kicheko kibaya, sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. "Kama hanijui, fulana yake nimeipata wapi?"

Akaivua, akaipitisha kwenye nondo za geti.

Nikamvalisha koti langu. Nikamshusha stesheni ya Munisagara, akaifuata reli kwa miguu. Mwaka sasa, simu yake haipatikani. Treni ikipiga honi, mama mdogo anatoka nje kuangalia.

Jana loji imeweka picha mpya. Kijana mwingine, anatabasamu. Upinde kifuani. Ubavuni, alama ya pasi.

Nikaisaka namba yake. Anaitwa Kasian.

"Dogo, ivue hiyo fulana. Leo hii."

"Kwani vipi, kaka? Bosi kasema hapa niko nyumbani."

Simu ikatetemeka sikioni mwangu. Grupu la Kilosa. Picha ya Kasian.

Ndugu yangu, kampuni ikikuvisha rangi, usiiulize inakupenda kiasi gani. Iulize, siku wakinikimbiza, geti mtafungua?

Mimi nawasha pikipiki. Sijui nitampeleka wapi.