Ekari za Mama

Siku ya kuandikishwa kwa mbolea ya serikali nilimsindikiza mama hadi ofisi ya chifu hapa Dundori. Mbolea hiyo huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu serikali hulipa sehemu ya gharama. Ukishaandikwa, unangoja meseji ya kukuambia utapata mifuko mingapi, kisha unaenda kuichukua ghalani mjini. Idadi ya mifuko inafuata ukubwa wa shamba. Hayo tulielezwa sote, kwa sauti, kabla karani hajaanza kazi.

Ndiyo maana nilishangaa alipomwuliza mama analima ekari ngapi, naye akajibu, "Ni kashamba tu. Robo hivi."

Tunalima ekari mbili. Nazijua, maana mimi ndiye ninayezipalilia. Nilimtazama mama. Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Nikasikiliza tu. Jirani yetu, ambaye shamba lake linapita letu kwa ukubwa, alisema ana kipande cha mboga. Baada yake mzee mmoja mwenye trekta akasema, "Andika kidogo, kijana. Kidogo tu." Karani akaandika bila kuinua macho.

Njiani nilimwuliza mama kwa nini.

"Kwani wewe huwa unahesabu ng'ombe wa watu?"

"Hapana."

"Basi."

Nikazidi kutaka kujua. Ni kweli, kwetu mtu hahesabu ng'ombe kwa sauti, wala hasemi ana watoto wangapi, atakwambia wapo. Babu akiulizwa mavuno, hata stoo ikiwa imejaa, alisema amepata ya kuonja. Sikuwahi kufikiri kwamba mazoea hayo yangetufuata hadi kwenye kompyuta ya serikali.

Meseji ilipokuja nilimsomea mama: mfuko mmoja. Akaketi juu ya ndoo. Viazi vya mbegu vilikuwa vimeshachipua, mvua imeanza, na mbolea ya dukani hatukuiweza. Mfuko mmoja ungetosha kona ya shamba. Kwingine tungepanda bila mbolea, na viazi vya namna hiyo hapa kwetu hutoka vidogo kama gololi. Hakuna mnunuzi anayesimamisha lori kwa sababu ya gololi.

"Turudi kwa karani," nikasema. Mama alinitazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyesema.

Tulikuta foleni. Bila shaka meseji zilikuwa zimewafikia na wengine, kwa sababu yule mzee wa trekta alikuja akasimama nyuma yetu. Zamu ya mama ilipofika, aliinama hadi karibu na sikio la karani.

"Mathe, sisikii," karani akasema.

"Ekari mbili."

"Mbili!" mzee akapaza sauti. "Na juzi ilikuwa robo! Shamba limezaa?"

"Limezaa mapacha, mzee," mama akajibu bila kugeuka. "Lako nalo lina mimba ya miezi mingapi?"

Watu walicheka hadi karani akaacha kuandika. Mzee naye alicheka, kisha akavua kofia na kuanza kuichunguza ndani. Zamu yake ilipofika, alimwomba karani watoke nje kidogo.

Karani alirekebisha ekari zetu, ila hakuahidi kwamba mbolea ingetufikia msimu huu. Tulipanda ile kona, tukaacha mitaro mingine wazi. Kila asubuhi nilienda kutazama machipukizi yakirefuka gizani stoo, nikijiuliza kiazi kinaweza kungoja kwa muda gani. Niliwauliza watu, na kila mmoja alinipa jibu lake.

Meseji ya pili ilitukuta tukinywa chai nje. Mama akanipa simu nimsomee. Jirani alikuwa upande wa pili wa ua, akiwakatia ng'ombe wake nyasi. Nikafungua mdomo.

"Usitaje!" mama akaninong'oneza, akisogeza kiti. "Nionyeshe kwa vidole."