Mbeleko ya Verediana

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Sinywi pombe, sijawahi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mtaani Nyamirambo, mwaka 1993, tena mchana jua likiwaka.

Nilikuwa na kibanda cha video: mabenchi sita, televisheni moja, kaseti za kuazima. Filamu zilikuwa za Kiingereza na wateja hawakukijua, basi nilisimama kando ya televisheni nikiwatafsiria kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kuokoteza kwa mjomba wa Kampala. Nisipoelewa nilitunga, na niamini, nilipotunga ndipo walipopiga makofi zaidi.

Zilizojaza kibanda ni zile za wendawazimu. Unazijua: mtu kafiwa, anaongea peke yake, mwisho kumbe ndiye muuaji. Siku hizo ilikuwapo moja ya mama aliyefiwa na mtoto. Na mtaani kwetu tulikuwa na Verediana, aliyekimbia vita huko Byumba, kaskazini. Mwanawe alimfia njiani, lakini yeye aliendelea kufunga mbeleko mgongoni, tupu, akiipigapiga na kuiimbia. Hakudhuru hata kuku. Mimi, kwa ufundi wangu wa kijinga, nikampa mama wa filamu sauti ya Verediana: wimbo wake, lafudhi yake ya kaskazini, kila kitu. Watu walivunjika mbavu. Yule mama wa filamu alipochomoa kisu, wakasogeleana kwenye mabenchi.

Baada ya juma moja hakuna aliyecheka tena. Verediana akipita, akina mama walivuta watoto wao ndani. Wengine walimrushia mawe.

Siku moja saa tisa mchana, wateja wameshatoka, akaingia.

"Kaka, umeambia watu miye naua. Kwa robine bananifukuza, siku tatu sina maji. Uwaambie kama ni uongo. Wewe ndiyo banasikilizaka."

Alisema kweli. Neno moja tu kutoka kwangu mbele ya mabenchi yale lingetosha. Lakini makofi, ndugu yangu, makofi ni ulevi.

"Ihangane, mama," nikamwambia, yaani avumilie. "Nitasema kesho."

Alinitazama, kisha akafungua mbeleko. "Basi nishikie mutoto kidogo, nifunge muzuri."

Nikanyoosha mikono kwa dhihaka, ili aondoke. Nilichopokea hakikuwa nguo. Kilikuwa kizito. Kilikuwa na joto la mtoto mwenye homa, kikatetemeka, na mdomo mdogo wenye unyevu ukapapasa kifua changu ukitafuta ziwa. Wewe ungefanyaje? Mimi niliachia.

Kilitua kwenye sementi kwa kishindo, na nguo haina kishindo. Kikafuata kilio kifupi, kikakatika.

Verediana hakupiga yowe. Alipiga magoti, akaikusanya ile nguo polepole, akaitegea sikio, akangoja sana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa amebaki huyu tu." Akatoka. Walimwona njia ya Gahanga, nguo iko mkononi, mgongoni hakuna kitu. Hakurudi tena.

Kesho yake nilisema, kama nilivyoahidi. Nilizima filamu katikati, nikawaambia Verediana hajaua mtu, mwongo ni mimi. Wakacheka na kupiga makofi. Walidhani bado natafsiri.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata nilijificha juu ya dari ya kibanda changu. Waliopita chini wakiwatafuta majirani zangu wawaue niliwajua kwa sauti, mmoja mmoja. Walikuwa wateja wangu. Hakuna aliyeongea peke yake. Walipangiana zamu na kuulizana habari za nyumbani.

Leo nina watoto wanne, na sijampakata hata mmoja. Mke wangu alipokuwa akininyooshea kichanga, nilijifungia chooni nikalia. Daktari aliniambia ni kiwewe, kitapungua. Hakijapungua. Naona aibu, na nitakufa nayo.

Wewe nakuomba jambo moja. Ukikutana na mtu anabembeleza nguo tupu, usimuulize kuna nini ndani. Akikuomba umshikie, mshikie, na usiachie mpaka aje kuchukua mwenyewe.