Mzee Kisyeri, Mfuko na Mrija

Mzee Kisyeri wa Nkende alitoka hospitali akiwa hai, jambo ambalo mdogo wake Nyangwine hakuwa amelipangia. Utumbo ulikuwa umejisokota. Madaktari wakakata kipande, wakamtoboa tundu tumboni upande wa kushoto, wakalivalisha mfuko. Choo kinaingia humo. Hewa nayo inaingia humo humo, ila hewa haina adabu: inatoka na sauti muda inaotaka, na mwenye tumbo hana pa kubana.

Nesi Modesta alimfundisha vizuri. Tafuna polepole, mdomo umefungwa. Soda acha. Maharage na kabichi onja kidogo uone tumbo linasemaje. Mfuko ukivimba nenda chooni, fungua mdomo wake, toa hewa, funga. Ukihisi sauti inakuja, weka kiganja juu ya tundu, itafifia.

"Na usinywe kitu kwa mrija, baba. Ukivuta mrija unameza hewa."

Kwingine hilo lisingekuwa neno. Kwetu wazee wanakunywa pombe kwa mirija mirefu, wote chungu kimoja, na asiyetia mrija wake ana kinyongo, au ameweka kitu chunguni. Ugali wanaula bila kunawa vizuri, ila mwenzao akishika kikombe wanaogopa kufa.

Ikaja siku ya kumzungumzia binti yake Wegesa, aliyekuwa anakaribia kumaliza chuo cha uuguzi. Mchumba ni Ezra wa Kewanja, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Alitaka mke sasa hivi, chuo kiachwe. Nyangwine kichwani alishauingiza mgao wake wa ng'ombe wa mahari zizini. Kisyeri alitaka binti amalize kwanza. Na kikao cha ukoo wao kina sheria: baba akiinuka kabla ya neno la mwisho, ndugu yake anasema badala yake.

"Leo usinyanyuke," mkewe Boke alimwambia asubuhi.

"Wakinipa mrija?"

"Ukatae."

"Waseme nimewaroga? Nitavuta kidogo."

"Kidogo cha mwanaume nakijua mimi."

Akavuta. Nyangwine mwenyewe ndiye aliyemsogezea mrija, tena akitabasamu. Sisi wanawake wa jikoni tuliona koti likinyanyuka upande wa kushoto, kama mzee ameficha kuku. Ezra alikuwa katikati ya kulisifia karasha lake, ikatoka sauti ndefu, ikapumzika, ikaendelea. Kiganja kilichelewa.

Wazee wakamwangalia mbwa aliyelala karibu na chungu. Mbwa akafukuzwa. Sauti ya pili ikaja mbwa akiwa barabarani.

"Kaka," Nyangwine akasema kwa huruma ya fisi, "tumbo linakutesa. Nenda kalale, hapa nipo."

Mfuko ulishakaza kama mpira. Akibaki, utabanduka mbele ya wakwe. Akiinuka, binti ameolewa. Boke alishika mwiko, ugali ukaanza kuungua, hakuna aliyejali.

Mzee akafungua vifungo vya koti, akapandisha shati. Wakauona mfuko wote, umetuna. Mzee mmoja mrija ukamtoka mdomoni.

"Huyu ndiye anayepiga kelele," Kisyeri akasema. "Mbwa mmemwonea. Sasa naenda chooni kuutoa hewa. Sijaondoka kikaoni, napeleka mfuko tu. Atakayetaja jina la binti yangu kabla sijarudi, nitakuja niufungulie hapa hapa, juu ya chungu."

Akaenda, wala hakuharakisha. Wazee wale wanaongea hata kwenye mazishi mchungaji akiomba, ila siku hiyo walinyamaza. Nyangwine alifungua mdomo, wenzake wakamkazia macho, akaufunga. Wakakaa wameshika mirija kama watoto waliokatazwa kucheza.

Alirudi koti limelala. Akausukuma mrija pembeni, akaagiza kikombe. Boke akakileta mbio, akamchotea.

"Wegesa anamaliza chuo," akasema, akanywa. "Akimaliza, Ezra aje amuulize mwenyewe. Kuna mwenye neno?"

Nyangwine akauinamia mrija wake, akavuta.

"Sawa, baba," Ezra akajibu, macho yakiwa bado kwenye koti.